Daftari la Visanduku Kumi na Viwili

Kwa miaka minne, nikiwa muuguzi wa shule ya bweni ya wasichana mlimani juu ya Moshi, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi haikuwa kupima homa wala kufunga vidonda. Ilikuwa kukagua vitambaa vya hedhi. Msichana aliyekuwa kwenye siku zake alipaswa kuja chumbani kwangu kabla ya paredi na kitambaa alichotumia, nikitazame, kisha niweke alama ya vema kwenye jina lake. Ambaye mwezi uliisha bila alama aliitwa, akalala kitandani, nikambonyeza tumbo kutafuta mimba. Serikali ilinilipa mshahara kwa kazi hiyo.

Nimestaafu wiki sita zilizopita. Siku ya kuniaga, wauguzi vijana wa kliniki nilikomalizia kazi waliniomba niwaandikie uzoefu wangu. Nadhani walitarajia mawaidha. Ninayo machache. Nilicho nacho kwa wingi ni hasira, na nimejitahidi kuiweka kwa mpangilio, kwa sababu mwanamke wa umri wangu akikasirika bila mpangilio watu husema ni uzee.

Nianze mwanzo. Kazi nilifundishwa na Mama Adelina, mkunga wa Kibosho, kwenye wodi ya wazazi ya hospitali moja mjini. Ilikuwa miaka ya uhaba. Glavu tulizichemsha, tukazianika, tukazipaka unga wa mhogo, tukazivaa tena. Sindano zilikuwa za kioo, nazo zilichemshwa kama mayai. Pamba tuliichana vipande vidogo mpaka mgonjwa akauliza kama tunamwekea dawa au tunampiga chapa. Mama Adelina hakulalamika. Alisema uhaba wa pamba unavumilika, ila uhaba wa masikio ndio unaoua.

"Usimuulize mwanamke kama anaumwa sana," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Atakwambia 'kidogo tu', na amefika hapa akitambaa. Muulize ameshindwa kufanya nini. Ameshindwa kukata majani ya ng'ombe? Ameshindwa kusimama kanisani? Hapo utajua."

Yeye ndiye aliyenieleza maumivu ya hedhi kwa maneno ambayo nimeyatumia mpaka wiki ya mwisho kazini. Mfuko wa uzazi ni msuli. Kila baada ya muda unajiandalia tandiko la ndani, na mimba isipotunga, tandiko lile linatolewa. Ili kulitoa, msuli unajikaza, kama mguu unavyokazana ukipanda mlima na mzigo wa ndizi. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni joto. Alikuwa na chupa tatu za kioo zenye vizibo vya mpira, anazijaza maji ya moto, anazifunga kwa kitenge kikuukuu, anaziweka chini ya kitovu. Mgonjwa akitulia, anamwambia aamke atembee. "Anayejikunja kitandani siku nzima anaubembeleza msuli uendelee," alisema. Sijawahi kusikia daktari akimpinga.

Nilipopangiwa shule, miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilikuwa imeanza. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba ilishushwa mjini kwa marobota, na duka moja karibu na mnara wa saa lilianza kuuza pedi za pakiti kutoka nje. Mwenye duka alizifunga kwenye gazeti kabla ya kukupa, kama mtu anayekuuzia pombe haramu ya gongo. Bei yake ilikuwa ya kuchekesha kama hukuwa mnunuzi. Wasichana wangu walitoka kwenye nyumba za wakulima wa kahawa, na kahawa ndiyo hiyo ilikuwa ikishuka bei. Walitumia vipande vya kanga na shuka.

Mkuu wa shule alikuwa mama mmoja mrefu, msafi, mwenye sauti ya chini. Wasichana walimwita Madamu na mimi nikafuata. Siku ya kwanza alinipokea ofisini, akafungua droo, akanipa daftari kubwa la jalada gumu.

"Nesi, kazi yako imo humu."

"Asante, Madamu. Na ufunguo wa kabati la dawa?"

"Utaupata. Kwanza hili. Mwaka jana watatu walipata mimba hapa. Aliyeitwa mkoani kujieleza nilikuwa mimi. Si wao, si hao wanaume. Mimi."

Sikumchukia siku ile. Msichana mwenye mimba alifukuzwa, huo ulikuwa utaratibu wa nchi nzima, na mkuu wa shule alihesabiwa mimba zile kama vile amezibeba yeye. Lakini ukaguzi wa vitambaa haukuwa agizo la nchi. Ulikuwa ubunifu wa shule yetu, na walijivunia.

Daftari lilipangwa hivi. Majina yalishuka upande wa kushoto. Juu, kwa upana, miezi kumi na miwili, Januari mpaka Desemba. Kila msichana, kila mwezi, alikuwa na kisanduku kimoja. Kisanduku kimoja kitupu, anabonyezwa tumbo. Viwili vitupu katika muhula mmoja, taarifa inaandikwa.

Someni tena aya iliyotangulia, ninyi mnaoingia kazini sasa. Kosa limo humo. Mimi nililisoma kila siku kwa miaka minne na cheti changu cha uuguzi kikiwa kimening'inia ukutani, nisilione.

Wasichana waliuita ukaguzi ule "kulipa kodi", kwa sababu miaka ile watoza kodi ya maendeleo walikuwa wakiwavizia baba zao hata njiani kwenda misa. Nilikuwa nikiwasikia dirishani, wakiwa kwenye foleni.

"We Aika, umeshalipa kodi?"

"Mimi raia mwema. Muulize Zulfa huyo, mkwepaji."

"Nitalipa kwa mpigo," Zulfa alijibu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Nilicheka na mimi. Kisha nilifungua mlango, nikakunja uso, nikaanza kukagua.

Walikuwa na mbinu zao. Ambaye siku zake zilichelewa aliazima kitambaa cha mwenzake. Nililijua hilo na nikalinyamazia, nikijiona mwenye huruma. Kwa kuwa vitambaa vilikuwa vya kuonyeshwa, viliwatia aibu, na kwa sababu ya aibu hawakuvianika juani bali chini ya magodoro, vikabaki na unyevunyevu. Nilitibu upele na muwasho kila wiki, nikipaka dawa ya zambarau, bila kuuliza unatoka wapi. Waliokuja na maumivu niliwapa aspirini mbili kutoka kwenye kopo kubwa na kuwarudisha darasani. Aspirini huilegeza damu. Kwa msichana anayetokwa na damu nyingi si chaguo la kwanza. Nililijua na hilo. Zile chupa za Mama Adelina sikuwahi hata kuzitafuta. Asubuhi zangu zilikuwa za daftari.

Zulfa alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa mtaa wa Majengo mjini, mama yake fundi cherehani. Waislamu kama yeye walikuwa wachache pale shuleni. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa hesabu na mdomo, na hakuwahi kuazima kitambaa cha mtu. Nasema hivyo kwa sababu baadaye niliwauliza wote.

Mwaka ule, Februari ikaisha bila alama yake. Nikambonyeza tumbo, sikuona kitu. Katikati ya Machi akaja na kitambaa, nikaweka vema. Aprili ikaisha tena tupu. Tarehe thelathini nikamwita.

Alikuja mbio kutoka darasani, amekaa masomo manne bila kwenda msalani. Vyoo vyetu wakati ule vilikuwa vya shimo, milango miwili haifungi, na wasichana walijizuia mpaka jioni. Nikamlaza, nikambonyeza, nikahisi kitu kigumu cha mviringo juu ya mfupa wa kinena. Kibofu kilichojaa kinafanana na mambo mengi ukiwa unatafuta jambo moja. Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa: mwambie mgonjwa akakojoe kwanza. Sikumwambia. Niliandika: "Uvimbe unahisika. Yawezekana mimba." Nikatia sahihi, nikapeleka ofisini.

Kesho yake ilikuwa Mei Mosi, sikukuu. Tarehe mbili, alfajiri, Zulfa alikuwa wa kwanza mlangoni.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Una nini?"

"Nimeingia mwezini, Nesi. Tangu juzi usiku, kuamkia jana. Nimeleta."

Nilimpeleka kwa Madamu nikiamini mambo yamekwisha. Madamu hakusogea kitini.

"Cha nani hicho?"

"Changu, Madamu."

"Nauliza cha nani."

"Wallahi changu."

"Usiniapie. Taarifa imeandikwa juzi, leo unaleta kitambaa. Unafikiri sijui mnavyoazimana?"

Zulfa alinigeukia. Alinitazama kama mtu anavyomtazama shahidi wake. Nilikuwa na mambo matatu ya kusema. Kwamba tusubiri. Kwamba hospitali ya mjini wanapima mkojo. Kwamba nilimbonyeza bila kumwambia akakojoe. Sikusema hata moja. Saa nne asubuhi alishuka mlima na tranka lake kichwani kwa Aika, wakisindikizana mpaka barabarani, na barua mfukoni.

Siku ya nne alikuja mama yake. Amevaa baibui jeusi lililopigwa pasi, vumbi la njia limemfika magotini. Alikuwa na karatasi ya hospitali: mkojo umepimwa, hakuna mimba. Nilikuwepo, kwa sababu Madamu aliniita niwe upande wake.

Madamu aliisoma, akaikunja, akamrudishia. "Basi ametoa."

"Ametoa nini, Mwalimu?"

"Mama, unajua ametoa nini."

Mama Zulfa aliitia karatasi mkobani. Kisha alisema, bila kupandisha sauti: "Ingekuwepo mngemfukuza. Haipo, mnamfukuza. Nielekeze basi, Mwalimu. Mwanangu alete nini ili abaki?"

Madamu aliinuka, akamfungulia mlango. Nimefanya kazi miaka mingi tangu siku ile na sijapata jibu la kumpa. Swali lile ndilo nililoondoka nalo kazini badala ya cheti cha utumishi mwema, ambacho pia walinipa.

Alipotoka alinifuata chumbani kwangu. Akatoa kwenye mkoba daftari dogo la shule, la kurasa arobaini, akaliweka juu ya lile langu kubwa.

"Wewe ndiye uliyesema ana mimba?"

"Niliandika yawezekana."

"Haya, yawezekana. Nesi, sisi mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi Ramadhani wala haswali. Swala amesamehewa. Zile siku za funga analipa baadaye, moja moja. Sasa utalipaje kitu usichokihesabu? Tangu huyu mtoto avunje ungo nimemwambia aandike. Siku ya kuanza, siku ya kutwaharika. Kila mara, si Ramadhani tu. Yote yamo humo." Akasimama. "Soma. Kusoma unajua."

Nilisoma. Miaka miwili na nusu ya tarehe, zimepangwa safu mbili, hazikurukwa hata mara moja. Mwaka ule: ishirini na tisa Januari, kumi na tano Machi, mosi Mei. Nilihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Siku arobaini na tano, kisha arobaini na saba. Nikarudi nyuma: arobaini na tatu, arobaini na sita, arobaini na nne. Huo ndio ulikuwa mzunguko wake. Haukuwa mfupi kama wa wenzake, lakini ulikuwa wake na aliufuata kama saa. Msichana wa siku arobaini na tano ni lazima aruke Februari. Ni lazima aruke Aprili. Hakuna damu iliyokosekana hata mara moja. Tulichora visanduku kwa miezi ya kalenda, na mwili wa mtu haujui Februari ni nini.

Nikaendelea. Nikalifungua lile daftari kubwa, nikawatazama wengine. Wapo niliowakumbuka, wa siku ishirini na nne, ambao waliniletea kitambaa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, wakapewa vema moja, na hakuna aliyewauliza kama wanaishiwa damu. Na yupo mmoja aliyekuwa na vema kumi na mbili mwaka uliopita, mstari ulionyooka kuliko wote. Huyo alijifungua likizo ya Januari. Daftari letu lilimfukuza asiye na mimba na kumficha mwenye mimba, na sisi tukaendelea kulifungia kwenye droo kama amana.

Nilikwenda ofisini na madaftari yote mawili.

"Madamu, tumekosea."

"Nani amekosea?"

"Mimi. Na hivi visanduku."

Nilimweleza. Alilifungua lile dogo kwa ncha za vidole. "Hili ni la mambo ya dini yao."

"Ni hesabu, Madamu."

"Barua imeshafika mkoani, Nesi. Unataka niwaandikie nini? Kwamba shule yangu haijui kuhesabu?"

"Ndiyo, Madamu."

Aliniambia niende nikafanye kazi. Nilikwenda. Tangu siku ile sikukagua kitambaa, na visanduku vya Mei na Juni vikabaki vitupu, karibu shule nzima. Kwa kanuni zetu wenyewe ilipaswa tuwafukuze wote. Mwisho wa muhula nilihamishiwa kliniki ya mjini. Wenzangu walinionea huruma kwa uhamisho ule, na huruma ile iliniudhi. Mimi nilihamishwa na mshahara wangu. Zulfa alihamishwa na tranka.

Miaka iliyofuata yote niliifanyia kliniki, na hapo ndipo nilipoanza kuwa muuguzi. Niliitafuta chupa ya kwanza ya kizibo siku niliyoripoti. Nawaandikia nilivyofanya, mnaweza kuboresha.

Kila msichana aliyekuja nilimwambia aanze daftari lake mwenyewe, na asimwonyeshe mtu asiyetaka kumwonyesha. Mzunguko huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu mpaka siku moja kabla ya damu nyingine. Mwanamke mzima mara nyingi huwa kati ya siku ishirini na moja na thelathini na tano. Msichana aliyevunja ungo karibuni anaweza kufika arobaini na tano, na miaka miwili mitatu ya mwanzo anaweza kurukaruka bila kuwa na ugonjwa wala mimba. Akikaa miezi mitatu bila kuona kitu, aje tuzungumze. Nimesema kuzungumza.

Kwa maumivu: joto, kutembea, kulala usingizi wa kutosha. Dawa kama ibuprofeni imeze mara maumivu yanapoanza, pamoja na chakula, kwa kipimo kilichoandikwa. Ukisubiri mpaka unatambaa, inachelewa. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza. Kitambaa kifuliwe kwa maji baridi na sabuni, kikaushwe juani mpaka kikauke kweli, kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita. Kuoga hakuzuii damu. Nilimaliza mate kwa jambo hilo moja, kwani nyumba nyingi mlimani bado zinaamini maji yanaigandisha damu ndani, na mtoto anakaa siku tano anajinukia na kulia.

Kuna maneno ambayo wauguzi wenzangu waliyapenda na mimi niliyapiga marufuku kwenye chumba changu: "Utapona ukizaa." Nilimsikia mmoja akimwambia mtoto wa miaka kumi na nne aliyekuwa amejikunja kwenye benchi. Akizaa tunamfukuza shule, asipozaa tunamwambia ndiyo dawa. Nilimtoa yule muuguzi nje, na nilichomwambia hakifai kuandikwa.

Maumivu yanayomtoa mtu shuleni kila mara, yasiyosikia joto wala dawa, si uvivu na si mapepo. Aende hospitali. Damu inayojaza kitambaa kila saa moja au mbili, au inayozidi siku saba, pia. Niliwahi kuletewa msichana wa Mabogini aliyeanguka akipandikiza mpunga. Mama yake alisema ni jua.

"Ameshindwa kufanya nini siku hizi?" nikamuuliza.

"Hashindwi kitu, Nesi. Ila akitoka kuchota maji anakaa chini kwanza, mara tatu njiani."

Niliivuta kope yake ya chini: nyeupe kama ganda la yai. Siku zake zilikuwa kumi na moja kila mara. Alilazwa, akapewa damu, kisha vidonge vya madini ya chuma, maharage, maini yakipatikana, mchicha, na chai isinywewe pamoja na chakula. Miezi minne baadaye mama yake aliniletea mchele debe moja na kunilaumu kwamba sasa mtoto anajibu sana.

Zulfa nilimtafuta mwenyewe miaka kadhaa baadaye, nikamkuta Majengo kwenye kibaraza, anashona sare za shule. Nilimwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu haukuacha kukanyaga cherehani. Alikuwa amesoma masomo ya jioni, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Aliomba chuo cha uuguzi. Ndiyo, uuguzi. Kwenye usaili walitaka cheti cha kuacha shule cha kule alikosomea mwanzo. Kwenye sehemu ya sababu pameandikwa "Mimba". Chini yake: "Imethibitishwa na muuguzi wa shule." Chini yake: mimi.

"Waliniuliza mtoto yuko wapi," aliniambia. "Nikawaambia hayupo, hakuwahi kuwepo. Wakatazamana. Nesi, wewe unajua walichotazamania."

Niliandika shuleni nikikiri kosa na kuomba cheti kibadilishwe. Madamu alikuwa ameshastaafu, na aliyemfuata alijibu kwamba shule haiwezi kufuta taarifa iliyokwisha pelekwa mkoani bila barua ya mkoa. Nikaandika mkoani. Walijibu kwamba cheti hubadilishwa na shule iliyokitoa. Niliandika tena, na tena, nikiambatanisha nakala ya kurasa za Zulfa na maelezo yangu ya kiapo. Barua zilipigwa muhuri wa kupokelewa. Kila nilipopita Majengo kumpa habari, mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeandika tena."

"Wamejibu?"

"Bado."

"Basi usichoke. Mara ya kwanza uliandika mstari mmoja tu, wakakuamini siku hiyo hiyo."

Alisema huku akitabasamu, pini mdomoni. Sikustahili lile tabasamu na sidhani kama lilikuwa la kunifariji.

Wiki mbili baada ya kustaafu nilikwenda mkoani mwenyewe. Karani kijana, mwenye adabu, alinikaribisha kiti, akaingia stoo, akakaa nusu saa, akatoka anapangusa vumbi.

"Mama, jalada halionekani."

"Limepotea?"

"Hapana, mama. Kulisema limepotea ni mpaka iundwe kamati. Kwa sasa halionekani."

"Na lisipoonekana, rekodi itasahihishwaje?"

"Haiwezi kusahihishwa, mama. Tutasahihisha nini, na halipo?"

"Lakini cheti kipo. Anacho mkononi."

"Cheti ndiyo kipo," alikubali, akaandika namba yangu ya simu, akaahidi kunipigia jalada likionekana.

Chuo kimetangaza nafasi tena mwaka huu. Kwa umri wa Zulfa ni mwaka wa mwisho anaoruhusiwa kuomba. Fomu ameshaijaza, nimeiona: jina, shule, matokeo, picha mbili za pasipoti zimebandikwa. Kuna mstari unaotaka nakala ya cheti cha kuacha shule, na maelezo kwamba fomu isiyokamilika haitashughulikiwa. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya wiki ijayo. Leo ni Jumatano, mkoani hawajanipigia simu, na Zulfa hajaamua kama atakiambatanisha cheti kile.